Mahindi yamegeuka manjano kwenye udongo wa mchanga: niongeze NPK?

Swali: Bwana agronomu, shamba langu liko barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, na udongo wake ni mchanga mtupu. Siku ya kupanda niliweka mbolea ya NPK pamoja na urea yote. Mahindi yaliota vizuri, lakini sasa, katikati ya Januari, majani ya chini yanageuka manjano. Niongeze mifuko mingapi ya NPK?

Jibu: Mama, usinunue NPK kwanza; hiyo ni mbolea ya mchanganyiko wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Chuma jani la chini ulitazame. Umanjano ukianzia kwenye ncha na kuingia ndani kwa kufuata mshipa wa kati, mfano wa herufi V, mmea umekosa naitrojeni. Kingo zikikauka na kuungua huku katikati pakibaki kijani, hapo kinachokosekana ni potasiamu, na urea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni tu, haitasaidia.

Kwa ulivyoeleza, nashuku naitrojeni. Urea ikishaingia ardhini hugeuka naitreti, yaani naitrojeni inayoyeyuka majini, na mchanga hauwezi kuishika. Mvua za Desemba zimeishusha chini wakati mizizi ingali mifupi. Inaniuma, maana mfuko wa urea hununuliwa kwa jasho.

Ikiwa mbelewele (maua ya juu ya shina) bado hazijatoka, mazao yanaokoleka. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, weka urea kama gramu 2 kwa kila shina, yaani mifuko miwili ya kilo 50 kwa hekta. Subiri udongo uwe na unyevu, chimba kishimo kidogo pembeni ya shina, tia, kisha ufukie vizuri. Ukiiacha juu, nyingine itapotelea hewani.

Msimu ujao, siku ya kupanda weka NPK 10-20-10 tu, isigusane na mbegu. Urea igawe mara mbili: wiki ya 3 au ya 4, halafu wiki ya 6 au ya 7. Si lazima uongeze hata mfuko mmoja.

Ila mchanga wenyewe unahitaji kulishwa, na hapa ndipo ninapowasihi wakulima wetu kila kiangazi: msichome mabua! Yakioza, ndiyo yanayosaidia udongo kushika maji na mbolea. Samadi ya kuku iliyokwisha kuoza itie ndani ya mashimo ya kupandia. Ukiitawanya shamba zima, kila shina litapata kidogo mno. Udongo ukiwa mchachu, chokaa ya dolomiti itasaidia na kuongeza kirutubisho cha magnesi. Iweke wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiichanganye kamwe na urea.