Adapta imeshika waifai, intaneti hakuna

Ndugu yangu wa Nkuhungu, unasema adapta ya USB inaonyesha imeunganishwa, simu inaperuzi vizuri kwenye ruta hiyohiyo, ila kompyuta haifungui kitu. Basi bando lipo. Usikimbilie kununua adapta nyingine.

Fungua dirisha la amri (cmd) la Windows, andika ipconfig, tazama namba ya IPv4, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, ruta haijaipa kompyuta anwani, imejipachikia yenyewe. Hakikisha mpangilio wa IP ni wa kupokea anwani kutoka kwenye ruta (automatic), kisha zima ruta na uiwashe tena.

Namba ikiwa haianzi hivyo, angalia tarehe ya kompyuta. Ya kompyuta yangu hapa Kisasa ilirudi miaka nyuma betri ndogo ya ndani ilipokufa, karibu kila tovuti ikagoma! Nilihangaika na draiva (programu inayoendesha adapta) siku nzima bure.

Ikikataa bado, andika hapa hiyo namba uliyoiona.