Yai Bila Ganda, Sufuria Moja

Wiki hii wengi mmeuliza jambo moja: namna ya kuchemsha yai bila ganda, yaani lililovunjwa likatiwa majini, kiini kibaki laini, na sinki isijae vyombo.

Yangu hutawanyika majini kama uji. Nakosea wapi? (Msomaji, Umoja)

Pengine hukosei, ni yai lenyewe. Kadiri linavyokaa, ute wake hulegea ukawa majimaji, na hayo ndiyo yanayotawanyika. Litie kwenye bakuli la maji baridi: likilala chini ni jipya, likisimama limekaa siku nyingi, likielea litupe.

Kisha chukua kichujio cha chai. Vunjia yai humo, subiri nusu dakika majimaji yashuke. Ute mzito utabaki umekishika kiini. Liteleze taratibu kwenye sufuria. Maji yasiwe yanatokota kwa fujo. Yakishachemka, punguza moto hadi uone viputo vidogo tu chini.

Wapo wanaoyakoroga maji yazunguke kwanza. Mimi niliacha, maana hapo unapika yai moja moja na wanaongoja chai wananuna. Siki nayo husaidia ute kuganda upesi, kijiko kimoja kikubwa kwa lita ya maji, lakini yai jipya lililochujwa halina haja nayo. Isitoshe, sufuria hiyo hiyo ndiyo ya chai kwangu.

Maelekezo yanasema dakika 3, lakini ute wangu bado mbichi. Ni meko? (South B)

Meko haina kosa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Mimi huhesabu dakika 4. Kwa mjamzito, mtoto mdogo au mzee, acha hadi kiini kigande kabisa, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoharisha.

Yai lilinipasukia kwenye mikrowevu. Nirudie tena? (Roysambu)

Rudia, ila toboa kiini kwanza kwa kijiti cha meno. Mvuke ukikosa pa kutokea ndipo linapolipuka. Tumia kikombe chenye maji nusu, yai lizame lote, funika kwa kisahani. Sekunde 50, halafu ongeza 10 kwa 10. Usiliguse papo hapo, liache litulie kidogo. Mimi nilikimbilia la kwanza, nikapangusa dari.

Vipi kulifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulichemsha humo? Huoshi kitu. (Kawangware)

Hapana. Hujui mfuko huo ulitengenezewa nini, na joto si rafiki yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 2017 na sokoni bado tunaenda.

Kwetu maji ni ya mgao. Nitaosha vipi sufuria iliyogandiwa na ute? (Kahawa West)

Usianze na maji moto, yanaupika ute ukazidi kung'ang'ania. Ukishaopoa mayai, acha maji yale yale yapoe humo humo wakati unakula, kisha pitisha kijiko cha mbao pembeni. Ute utabanduka wenyewe. Kichujio kisuuze mara tu unapokitumia, kabla hakijakauka, kikombe kimoja cha maji baridi kinatosha. Kikikauka utakisugua kwa mswaki wa zamani, tundu baada ya tundu. Maji ya sufuria, kama hukutia chumvi wala siki, yakipoa mwagia sukuma wiki yako ya kwenye gunia.