Asidi au Magadi: Kwa Vijana wa Malindi Wanaoenda Kusomea Uchenjuaji wa Madini

Vijana wa hapa Malindi wakipata barua ya Chuo Kikuu cha Taita Taveta kusomea uchenjuaji, yaani kutenga madini na jiwe lake, swali la kwanza hunijia lile lile: mbinu gani mpya ya kutoa urani, ile metali ya nishati ya nyuklia, nikaisome? Wadogo zangu, anzeni na jiwe. Jiwe ndilo linalochagua mbinu.

Chukua kipande cha jiwe la matumbawe, haya yaliyojengewa nyumba za mji wetu, ulimwagie siki. Latoa povu. Chokaa imeila ile asidi. Sasa wazia kiwanda chenye jiwe lililojaa chokaa: utanunua asidi kwa malori na yote itaishia kwenye chokaa, urani haijaguswa. Ndiyo maana Namibia peke yake ina njia mbili. Rössing, mgodi uliofunguliwa mwaka 1976, una mwamba wa jamii ya granaiti, basi huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki. Langer Heinrich, mgodi wa pili, madini yake yamegandamana na chokaa ya jangwani, kwa hiyo hutumia kabonati na baikabonati ya sodiamu, tena ya moto. Kabonati hiyo ndiyo iliyomo kwenye magadi ambayo mama zetu huchemshia maharagwe.

Kuna jambo wanafunzi hulipita mbio. Urani iliyo katika hali ya nne ya oksidisho, yaani iliyopoteza elektroni nne, haiyeyuki vizuri. Sharti ifikishwe hali ya sita, ipoteze mbili zaidi. Rössing wametumia dioksidi ya manganizi kwa kazi hiyo. Ukiwa zamu na urejeshaji, yaani sehemu ya urani mnayoipata kutoka kwenye jiwe, ukashuka, usikimbilie bomba la asidi. Pima kwanza uwezo wa oksidisho kwenye tope la jiwe lililosagwa, kisha ndipo uongeze kitu. Msimamizi atakuharakisha, lakini wewe pima.

Ile inayoitwa mbinu mpya, ya kuyeyushia urani huko huko ardhini, ilianza kujaribiwa Marekani miaka ya 1960. Hakuna shimo wala kinu: visima vingine huteremsha kimiminika, vingine hukipandisha kikiwa na urani, na resini, chembe za plastiki zinazonasa urani, huidaka juu. Leo zaidi ya nusu ya urani ya dunia hupatikana hivi, Kazakhstan ikiwa mbele. Yataka mwamba wa mchanga unaopitisha maji, ukibanwa juu na chini na tabaka zisizopitisha. Mwenye kuitaka njia hii asome maji ya ardhini kuliko anavyosoma kemia. Mtoto wa pwani ana mwanzo mzuri hapo, maana ameona kisima kikivutwa kupita kiasi hadi kikaonja chumvi. Anajua kwamba maji ya chini huhama. Kimiminika cha mgodi nacho huhama, na mpangilio mzima wa visima ni wa kukizuia kisitoke nje ya eneo.

Barazani mtaulizwa kama bahari yetu ina urani. Inayo, kama miligramu tatu katika tani nzima ya maji. Wajapani na Wamarekani wamesuka nyuzi zenye amidoksimu, kemikali inayoshikana na urani, zinazoidaka, na zinafanya kazi. Tatizo ni gharama. Someni kwa kupenda elimu, mkopo wa nyumba msiuchukulie hapo.

Mionzi nayo. Wageni huogopa mapipa ya keki ya njano, ule unga wa urani unaotoka kiwandani, kumbe takriban asilimia 85 ya unururifu wa jiwe hubaki kwenye mabaki, tope linalotupwa baada ya urani kutolewa, kwa sababu rediamu na thoriamu, elementi nyingine zenye mionzi, haziondoki pamoja na urani. Rediamu huchukua miaka 1600 kupungua nusu. Ukipangiwa bwawa la mabaki, usidhani umepewa kazi nyepesi: uliza ukuta wake, mfuniko wake, na vumbi lake siku ya upepo. Kikomo cha mfanyakazi ni milisivati (kipimo cha mionzi mwilini) 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Wapo wanaoficha beji ya kupimia mionzi kabatini ili isomeke kidogo wasihamishwe kitengo. Wewe ivae kifuani, na kila matokeo yakitoka, omba nakala yako uihifadhi nyumbani.