Maadui wa Columbo walivyonifunza kumshika mwizi wa leso zangu

Kwanza nianze na ami yangu maana bila yeye hii stori haipo. Ami alikuwa baharia, kila akirudi safari twamngoja pale Kibokoni, Mombasa, na macho yote kwenye sanduku, wenzetu waletewa viatu sisi twaletewa kanda za video, na kati ya hizo kanda kulikuwa na Columbo, ile filamu ya televisheni ya Kimarekani ya mpelelezi wa polisi. Sisi watoto tulikasirika wallahi. Tulitaka mateke. Halafu twawekewa mzee mfupi amevaa koti la mvua kwenye jua, nywele hajachana, jicho moja kama latazama kwingine (Peter Falk, aliyemcheza, lile jicho la kulia lilikuwa la bandia tangu ana miaka 3), gari lake Peugeot 403 bovu, hapigi mtu, bunduki hatoi, aulizauliza tu. Na kibaya zaidi, adui waonyeshwa mwanzo! Dakika kumi tu ushajua nani kaua na kaua vipi. Ndugu yangu akauliza sasa twangoja nini?

Ndio nikaja kujua ukubwani kwamba pale stelingi si wa kumtazama sana. Wa kumtazama ni adui. Umeshajua kafanya nini, kwa hiyo kazi yako ni kuangalia uso wake anavyodanganya, na hilo ukilizoea miaka na miaka hata dukani kwako hutakaa vile vile. Nauza leso, yaani kanga hizi za kuandikwa jina, Biashara Street mwaka wa kumi na sita sasa, na yaliyonipata mwaka juzi ndiyo yaliyonifanya niandike hapa, maana kila nikimhadithia mtu aniambia andika wengine wapate faida.

Lakini ngojeni kidogo niwataje maadui wangu kwanza, siwezi kuwaruka.

Wa kwanza Ken Franklin, Jack Cassidy ndiye aliyemcheza, ile ya 1971 iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa kijana wa miaka 24 hata hajajulikana. Huyu Franklin waandika vitabu vya upelelezi na mwenziwe, ila ukweli mwenziwe ndiye mwandishi, yeye kazi yake kuvaa suti na kutabasamu kwenye magazeti. Mwenziwe akitaka kwenda zake amuua. Sasa mtazameni huyu mtu na Columbo. Amsaidia! Ampa maoni, amletea nadharia, amwonyesha njia ya kupita, mwenyewe afurahi kabisa. Cassidy alirudi mara mbili tena na sura ingine, 1974 na 1976, na kila mara ana ile tabasamu ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali la pili maishani.

Wa pili Kanali Rumford, 1974, Patrick McGoohan, na alipata tuzo ya Emmy kwa ile na ni haki yake. Mkuu wa chuo cha kijeshi, amuua mtu kwa mzinga wa sherehe kisha yuasimama wima kama nguzo. Huyu hapendezi, hacheki, lakini huwezi kumchukia kwa sababu aamini kweli kwamba afanya wajibu wake. Na kinachomshika ni kitu kipuuzi kabisa, chupa ya pombe ya tufaha ambayo wanafunzi waliitundika dirishani usiku ili wasishikwe nayo. Kanali aliiona akatoa amri itafutwe, yeye na nidhamu yake! Kumbe ile chupa ilikaa pale muda mchache tu, na ili uione lazima uwe umesimama pale kwenye mzinga alfajiri. Basi. Kajishtaki mwenyewe. Iwekeni akilini hii chupa, ntairudia.

Leonard Nimoy yule daktari wa 1973 ni mzuri kwa sababu ndiye anayemfanya Columbo apandwe na hasira mpaka agonge meza, jambo ambalo ni nadra kutokea. Johnny Cash aimba vizuri mno mpaka nikamsamehe, basi tuendelee.

Kipenzi changu lakini ni Adrian Carsini. Donald Pleasence, 1973. Mtu ana shamba la mizabibu alipenda kuliko watu, nduguye wa baba mmoja ataka kuliuza, amuua, halafu akiwa safarini joto lapanda kupita kiasi na lile ghala la mvinyo alikuwa amezima mashine ya baridi. Mvinyo wote umeharibika na hajui. Columbo aiba chupa moja mle ghalani, ahakikisha Carsini apelekewa mezani, na yule mtu aonja tu akasirika, hii imeingia joto! Hakuna mwingine angetambua. Ule ujuzi wake ndio uliomtia pingu. Mwisho wamekaa garini Columbo ampa mvinyo na wazungumza kama watu waliokutana barazani. Sinywi mvinyo mimi, lakini kila nikiitazama ile nalia.

Haya, tuje dukani.

Mwaka juzi nililetewa robota la leso, jozi 40, jina lake lilikuwa liwe WEMA HAUOZI. Nililifungua peke yangu jioni, kijana wangu wa dukani ashaenda zake, nikakuta kiwandani wamekosea herufi moja, O imekuwa U. WEMA HAUUZI. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikakasirika maana nani atanunua leso yasema wema hauuzi. Nikalishona robota nikalisukuma nyuma chini ya rafu, nikampigia wa jumla akasema mwisho wa mwezi utarudisha. Sikumwambia mtu mwingine, si kwa ujanja, nilisahau tu, ilikuwa karibu na Idi na kichwa kilikuwa kimejaa.

Wiki tatu baadaye niko kwenye feri naenda Likoni kwa dadangu. Mbele yangu mama mmoja amejifunga leso, nasoma pale nyuma, WEMA HAUUZI. Nilihisi baridi na lile joto lote la watu. Ile leso ilitakiwa iko gizani chini ya rafu yangu.

Sasa ushauri wangu wa kwanza huu hapa, usipige kelele. Mimi wa zamani ningepiga. Nilimwambia tu mamangu samahani, leso yako nimeipenda, umeipata wapi nami ninunue? Akafurahi maskini, akaniambia Kongowea, kuna kijana apitisha mkononi, 450 jozi, na akanigeuzia nione rangi ya mbele. Nikamshukuru. Usiku ule nikaenda dukani na mjomba wa jirani nikahesabu, 26. Zimetoka 14 na robota lilikuwa limeshonwa tena vizuri kuliko nilivyolishona mimi.

Kulipokucha sikumshtaki mtu. Nilimwambia yule kijana, mwanangu hesabu zanichanganya siku hizi, leso zapungua ama ni mimi nazeeka, hebu nisaidie. Nikakaa kwenye kiti changu nikajifanya mjinga, na hilo ndilo Columbo analofanya saa zote, yule si mjinga, awapa watu nafasi ya kumsaidia. Walai alinisaidia! Kahawa haijafika mezani nshapewa sababu tatu, mara ni panya, mara ni hamali wa mkokoteni yuaingia mpaka ndani siku hizi, mara ni ile Jumanne stima zilipotea na mlango ulikuwa wazi. Sikuwa nimeuliza hata moja. Mtu asiye na jambo ukimwambia vitu vimepungua ashangaa kwanza, auliza vipi, auliza ngapi. Huyu hakuuliza ngapi.

Nikasema sawa mwanangu, nikainuka, nikafika mlangoni nikageuka. Nakubali nilikuwa naigiza, na nilifurahia. Nikamwambia jambo moja dogo tu, lile robota la nyuma silielewi, nirudishe ama niuze? Akacheka, akasema khalati wewe rudisha tu, nani atavaa leso ya hauuzi?

Ndiyo chupa ya Kanali ile.

Kilipita kimya kirefu, muuza kahawa yuagonga vikombe vyake pale nje, na nikaona uso wa yule kijana warudi nyuma kuyatafuta maneno aliyoyasema. Hakukana. Kwa hilo nampa heshima yake, wale maadui wazuri wakishikwa hawabishi, Franklin mwenyewe mwisho ajisifu kwamba ile mbinu ya mauaji ndiyo wazo zuri la pekee alilowahi kuwa nalo.

Ushauri wa pili, usimbane mtu mbele ya wateja wala usiite vijana wa mtaa, hapa kwetu neno mwizi likipigwa barabarani laweza kumwua mtu. Nilimwambia afunge duka, nikamwita ami yake, tukakaa watatu tukaandika, akalipa kwa miezi mitatu, akaenda zake. Wapo waliosema nilimlegezea. Inawezekana, mimi na Carsini ni udhaifu wangu.

Sasa ipo Columbo moja ya 1974 ambayo nilikuwa siipi uzito. Richard Kiley, mkubwa wa polisi, bosi wa Columbo mwenyewe, amemwua mkewe na amsukumizia mwizi mmoja wa majumba, kwa sababu nani atamwamini mwizi. Columbo akakodi chumba, akakiandika kwenye faili kama ndiko akaako yule mwizi, na bosi akaenda kuficha vito vya wizi mle mle. Nimeitazama mara nyingi nikicheka. Baada ya mambo ya leso niliitazama tena usiku mmoja na sikucheka, nilizima tivii.

Kwa sababu kabla ya mambo ya yule kijana nilikuwa na msichana pia, wa kufagia na kukunja. Siku moja pesa zikapungua kwenye droo, na aliyekuja kuniambia khalati nilimwona karibu na droo alikuwa nani? Yule yule kijana. Alikuja mwenyewe kunisaidia. Na mimi niliyejiona nimelelewa na Columbo nilimpigia yule msichana kelele mpaka duka la tatu wakasikia, nikamfukuza siku hiyo hiyo bila mshahara wa wiki. Swali hata moja sikuuliza.

Basi ushauri wa tatu ni huo, na ndio niliochelewa kuujua, ukishamshika mtu wako rudi nyuma uhesabu ni nani alikuelekeza kwake zamani. Nilimtafuta yule msichana. Yuauza mahamri asubuhi Majengo. Nilimpelekea ule mshahara na nyongeza na nikamwomba radhi, akapokea mshahara tu, ile nyongeza akanirudishia mkononi akaniambia nishasikia khalati, wataka mangapi?

Napita kila Jumamosi sasa. Nachukua kumi na mbaazi. Chenji anihesabia shilingi kwa shilingi kwa sauti, mpaka ya mwisho, mbele ya foleni yote.