Wino mweusi usiurukie: namna ya kusoma Guantánamo Diary kikundini

Vikundi vya kusoma hapa Kisumu vikikichukua kitabu cha Mohamedou Ould Slahi, kumbukumbu alizoandika akishikiliwa Guantánamo, kambi ya kijeshi ya Marekani nchini Cuba, vingi hukwama mapema. Si kwa ugumu wa Kiingereza chake, maana Slahi, mzaliwa wa Mauritania, aliandika kwa lugha yake ya nne na sentensi zake ni nyepesi. Kinachokwamisha ni wino na tarehe.

Tuanze na tarehe. Kitabu kinafunguka Julai 2002, Slahi akitolewa Jordan kwa ndege kupelekwa Bagram, kituo cha jeshi la Marekani nchini Afghanistan, na Agosti anafika Guantánamo. Ndipo kinarudi nyuma hadi Januari 2000, alipokamatwa mara ya kwanza Senegal. Msomaji asiyeandika chochote hupotea hapo. Chukueni daftari moja la kikundi, mlichore safu nne: tarehe, mahali, nani anamshikilia, anatuhumiwa nini. Safu ya nne ndiyo yenye mambo. Mwanzoni anaulizwa juu ya njama ya kushambulia Marekani wakati wa kuukaribisha mwaka 2000, baadaye juu ya Septemba 11. Mkiona tuhuma inabadilika na mtu ni yuleyule, mmeshika uti wa mgongo wa kitabu.

Kabla ya kikao cha kwanza kubalianeni juu ya maneno. Mfungwa amehukumiwa. Mahabusu anangoja kesi. Slahi hakuwa yeyote kati ya hao, kwa sababu hakufunguliwa mashtaka hata siku moja. Aliwekwa kizuizini, neno ambalo wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa. Kikundi kikizoea kusema "mfungwa", kufikia kikao cha tatu utasikia mtu akiuliza alifungwa kwa kosa gani, na mjadala wote umeharibika.

Sasa wino. Muswada aliuandika kwa mkono mwaka 2005, kurasa 466, na ulipochapishwa Januari 2015 ulikuwa na mistari myeusi zaidi ya 2,500 iliyowekwa na wakaguzi wa serikali ya Marekani. Watu wa kikundi husoma kwa sauti wakiiruka. Msifanye hivyo. Palipofutwa, msomaji atamke "wino" kisha aendelee. Ziko kurasa kadhaa zinazofuatana zilizofutwa zote. Zifunueni moja moja, polepole.

Wanaotafsiri kwa Kiswahili papo hapo wawe waangalifu zaidi, maana lugha yetu inaziba shimo bila sisi kujua. Mahali pengi kilichofutwa ni kiwakilishi tu, neno fupi la Kiingereza la kumtaja mwanamke, ilhali lile la mwanamume limeachwa. Kwa hiyo mstari mfupi mweusi wenyewe unadokeza kwamba anayemhoji ni mwanamke. Ukisema "akaniuliza", ile "a" imemeza kila kitu: wino umetoweka, na dokezo nalo. Semeni "wino, akaniuliza". Inachosha masikio dakika kumi za kwanza, kisha inaanza kuuma, na kuuma huko ni sehemu ya kitabu.

Tanbihi za mhariri, Larry Siems, zisomwe baada ya ukurasa, kamwe si kabla. Anakisia kilichofutwa kwa uangalifu mkubwa, lakini kikundi kikianza naye hakikisii tena chenyewe.

Watu wanane wanatosha, kurasa 30 kwa juma. Sura za mateso zigawanywe hata zaidi, kurasa 15, na zisisomwe usiku. Kama yupo mwenye ndugu aliyechukuliwa asirudi, aambiwe mapema ni kikao kipi, aamue mwenyewe kuja au kutokuja.

Mtu atataja Mageta, kisiwa cha ziwa letu walikowekwa wafuasi wa Mau Mau miaka ya 1950. Ulinganisho huo ni wa haki kabisa, ila utengewe kikao chake, la sivyo utakimeza kitabu.

Kikao cha mwisho, tafuteni toleo la 2017. Slahi aliachiliwa Oktoba 2016, naye akayarudisha mwenyewe maneno yaliyofutwa. Chagueni kurasa tano mlizokisia, kila mtu akiwa ameandika kisio lake kwa penseli kwenye daftari, kisha mfungue matoleo yote mawili ubavu kwa ubavu. Anzeni na ile mistari mifupi.