Kwa walimu wa ajira mpya: kabla hujasema darasa lako ni zito

Wengi wenu mtapangiwa shule za kata, yaani sekondari za serikali za hapa Tanzania, na mtihani wa kwanza mtakaoutunga utawavunja moyo. Darasa lina watoto themanini, waliovuka alama 30 wanahesabika kwa vidole. Mkiuliza ofisini mtajibiwa, "Hawa ni wazito, mtazoea tu." Msizoee. Nimefundisha Hisabati na Fizikia katika shule za kutwa za aina hiyo kwa miaka mingi, na uzito unaosemwa mara nyingi una chanzo ambacho mwalimu anaweza kukiona wiki za mwanzo kabisa, akijua pa kutazama.

Tazameni lugha kwanza. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka yote. Anajua usanisinuru, anajua mzingo, anajua kipeo cha pili. Anaingia kidato cha kwanza Januari, na karibu kila somo linageuka Kiingereza. Kozi ya utangulizi ipo, lakini ya wiki chache, na kuna shule inaishia kwenye salamu na majina ya vitu vya darasani. Mwezi wa tatu mtoto huyu anaulizwa kwa Kiingereza jambo alilolijibu vizuri darasa la sita, anaacha nafasi wazi, nawe unaandika sifuri.

Kwa hiyo wiki ya kwanza fanyeni hivi. Andika maswali matano ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Kwa mfano: mstatili una urefu wa sm 8 na upana wa sm 5, tafuta mzingo wake. Kesho yake toa maswali yaleyale kwa Kiingereza, ukibadilisha namba tu. Yule aliyeandika 26 jana na leo kaacha wazi hana tatizo la Hisabati hata kidogo. Aliyeandika 40 amechanganya mzingo na eneo, huyo msingi umelegea na lazima urudi naye nyuma. Halafu yupo wa tatu, ambaye hajaandika kitu siku zote mbili. Muite pembeni umpe aya fupi ya Kiswahili akusomee. Mtashangaa wapo wanaofika sekondari wakiwa hawajakamilisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Watoto hawa watatu wote watakuwa na F kwenye orodha yako, na ukiwapa dawa moja hutamponya hata mmoja.

Kwa wale wa lugha, ambao ndio wengi, msikimbilie kuwaandikia notsi ndefu wanakili. Watanakili kwa mwandiko mzuri na hawataelewa mstari. Mimi hufundisha dhana kwa Kiswahili hadi ikae, kisha nadai jibu kwa Kiingereza, hata likiwa limevunjika. Kila kipindi kinaanza na maneno matatu ya somo: wanayatamka, wanayatungia sentensi. Wapo watakaokwambia umevunja utaratibu. Sikatai kwamba mtihani utakuja kwa Kiingereza, ila dhana ikishaeleweka kuna kitu cha kukivisha lugha. Isipoeleweka mtoto anabaki kukariri sauti. Wafundisheni pia maneno ya kuagiza yaliyomo kwenye maswali. Alama nyingi zinapotea kwa sababu swali limetaka maelezo, na mtoto kataja majina matatu akaweka kalamu chini, anaamini kamaliza. Na kile kibao cha kumvalisha aliyeongea Kiswahili kiacheni. Sijaona mtoto aliyejifunza Kiingereza kwa kibao, nimeona waliojifunza kunyamaza.

Kunyamaza huko kunaongezwa na fimbo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka idhini ya mkuu wa shule, na viboko visizidi vinne, kwa hiyo mwalimu anayetembea na fimbo kipindi kizima yuko nje ya sheria hata kama shule nzima inafanya hivyo. Kikazi pia ni hasara: darasa linaloogopa haliulizi, na lisipouliza hujui umelipotezea wapi.

Sasa tumbo. Mtoto wa shule ya kutwa anaweza kuondoka nyumbani saa 11 alfajiri, hajatia kitu mdomoni, akatembea hadi shule, akakaa mpaka alasiri. Angalieni nyuso baada ya saa 6 mchana. Kama shule haina hata uji, Hisabati ya vipindi viwili mfululizo saa 7 ni kazi bure, hata ungekuwa fundi wa kufundisha. Nendeni kwa mwalimu wa taaluma mapema, kabla ratiba haijabandikwa, muombe masomo mazito yawe asubuhi. Hiyo haigharimu chochote. Chakula chenyewe ni mazungumzo marefu zaidi. Tangu Januari 2016 ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, wazazi wengi wameelewa kwamba hakuna tena mchango wa aina yoyote, na mkuu wa shule anayetaja debe la mahindi anaonekana anarudisha ada kwa mlango wa nyuma. Kikao kinafanikiwa kinapoitishwa baada ya mavuno, mtendaji wa kijiji akiwepo, na wazazi wenyewe wakichagua nani atunze stoo. Mkiitisha mwezi wa pili, njaa ikiwa imeshaingia hata majumbani, mtagombana tu.

Daftari la mahudhurio lisomeni kama mnavyosoma majibu ya mtihani. Jumla ya watoro haisemi kitu. Siku gani? Zikiwa siku za mnada au gulio, au wiki za palizi, mnajua mzungumze na nani. Msichana anayekosa siku tatu nne kila mwezi huenda si mtoro: hana taulo za kike, au choo cha shule hakina maji. Mpeni taarifa matroni. Waliopanga geto, yaani chumba cha kujitegemea, karibu na shule wachunguzeni kwa namna yake, maana pale hakuna mtu mzima, na jioni ya kusoma inageuka jioni ya kupika na wageni. Binti aliyejifungua naye ana haki ya kurudi darasani tangu waraka wa elimu wa serikali wa 2021, kwa hiyo jina lake lisikatwe kienyeji.

Mtoto wa nyuma asiyeandika, msogezeni mbele siku moja kabla ya kumuita mvivu. Huenda haoni ubao.

Kuna wimbo mtakaoukuta kila shule: kufuta ziro, yaani asibaki mwanafunzi wa divisheni ziro. Ni lengo zuri, lakini lina mtego. Walimu tunawakusanya wenye alama 20 hadi 29, tunawasukuma wapate D, shule inapongezwa, na mtoto anaondoka na divisheni four ya D tupu ambayo haimfikishi kidato cha tano, maana huko anatakiwa awe na C zisizopungua tatu. Mwenye 38 hadi 44 hakuna anayemtazama kwa sababu ameshafaulu. Nikiwa na saa moja tu ya ziada, nusu yake nampa huyo, maana yuko karibu na C.

Mwisho, Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Zinaonyesha swali kwa swali watoto wamekosea wapi na kwa nini, pamoja na picha za majibu yao. Pakueni za masomo yenu za miaka mitatu ya karibuni, mzisome kabla ya kuandika azimio la kazi, yaani mpango wenu wa kufundisha wa mwaka. Mada ambayo taifa zima linaanguka ipangieni muda zaidi, na msiipeleke Novemba.