Picha za usiku Dar: maswali yenu kuhusu simu, stendi na giza

Toka niseme wiki hii tunaongelea kupiga picha nje usiku maswali yamemiminika, mengi yanafanana nimeyaunganisha, mengine nitayajibu kwa mstari mmoja, msinune.

Tabata: Shikamoo bro. Natumia Tecno, mchana picha safi kabisa ila usiku zinatoka chenga tupu na ukungu ukungu. Niuze nitafute kamera?

Marahaba. Usiuze kwanza. Simu ikikosa mwanga inafanya mambo mawili, inaacha shata (mlango unaopitisha mwanga ndani ya kamera) wazi muda mrefu ili mwanga uingie, na inapandisha ISO, yaani kamera inavyohisi mwanga kwa ukali, na hiyo ISO ndo mama wa chenga. Shata ikikaa wazi hata robo sekunde mkono wako ushatikisika, hapo ndo unapata huo ukungu unaousema. Kwaiyo dawa ya kwanza ni kuituliza simu, tafuta stendi ndogo kwa wauza vifaa vya simu pale Kariakoo, hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha, ukikosa iegemeze kwenye tofali, kwenye chupa ya maji, kwenye boneti ya gari lililozimwa (injini ikiwa inanguruma ni bure tu), af weka taima ya sekunde 2 maana hata kidole kinavyobonyeza kinaitikisa. Ukishaituliza ingia kwenye modi ya Pro, ile unayopanga kila kitu mwenyewe, ISO shusha mpaka 100 au 200, shata anza na sekunde 1, picha ikiwa giza panda 2, panda 4. Na futa lenzi bwana! Jasho la mfukoni na mafuta ya chipsi ndo yanafanya kila taa ya barabarani iwe na mkia.

Kingine, usisubiri giza totoro. Hapa ndo wengi wanakosea, mtu anatoka nyumbani saa tatu usiku anakuta anga jeusi, majengo meusi, taa nyeupeee, simu haijui ishike lipi. Dar jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni kutegemea mwezi gani, na kwa sababu tuko karibu na ikweta linashuka wima, giza linaingia fasta sio kama Ulaya huko wanakokaa na mwanga mpaka wanachoka. Kwaiyo adhana ya Magharibi ikisikika ujue muda wako umeanza, subiri kama dakika 15, kuanzia hapo mpaka nusu saa hivi anga linakuwa la bluu iliyokolea na taa za mjini zimeshawaka, vyote viwili vina mwanga unaokaribiana. Ni dakika chache mno, sehemu yako uwe umeshaichagua na stendi umeshasimamisha, sio ndo kwanza unashuka kwenye boda.

Kimara: Ile mistari mirefu ya taa za magari inapigwaje? Na kwa hapa Dar niende wapi?

Swali zuri na nalipenda kwa sababu jibu lake liko njiani kwako kabisa. Unaacha shata wazi sekunde 10 mpaka 20, magari yanapita, gari lenyewe halionekani kwa sababu haligandi sehemu moja, kinachobaki ni njia ya taa zake. Kwenye kamera weka ISO 100, tundu la lenzi f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo), sekunde 15, tazama ulichopata, rekebisha. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki na liko wazi sana, kwaiyo sekunde 15 barabarani unapata karatasi nyeupe, anza na sekunde 4 kwenye ISO ya chini kabisa, na kuna simu zina modi ya mistari ya taa humo humo, ichungulie kabla hujaanza kuhangaika. Wengine wanaziba lenzi na miwani ya jua ili kupunguza mwanga na kusema kweli inasaidia, ila rangi inabadilika kidogo.

Wapi sasa. Daraja la waenda kwa miguu la Manzese, chini yako Morogoro Road, na katikati una njia ya mwendokasi. Basi la mwendokasi likipita linaacha mistari iliyoko juu zaidi ya magari mengine kwa sababu lenyewe refu na lina taa mpaka za juu, hiyo ndo inayokupa picha ambayo haifanani na ya mtu aliyepiga Nairobi. Sisi tunaendesha kushoto, kwaiyo ukitazama barabara kutoka darajani upande wako wa kushoto magari yanaondoka, unapata nyekundu, kulia yanakuja unapata nyeupe, sasa wewe panga mwenyewe unataka rangi gani itawale. Mambo mawili lakini. La kwanza, foleni. Saa moja jioni magari yamesimama, taa zinakuwa vidoa tu hakuna mstari wowote, subiri mpaka saa tatu hivi barabara ifunguke, na hapa najua nimetoka kusema usisubiri giza, ila kwa mistari ya magari mimi naichagua barabara inayotembea kuliko anga la bluu. La pili, daraja lenyewe linatetemeka watu wakipita, utalisikia kwenye nyayo, basi bonyeza pale wanapopungua na begi lako lining'inize kwenye stendi iwe nzito.

Daraja la Tanzanite nalo watu wengi wameliulizia. Usisimame juu yake, lipige ukiwa pembeni ufukweni upande wa hospitali ya Aga Khan, maji yakiwa yamejaa taa zake zinaonekana mara mbili, maji yakipwa unabaki na matope.

Sinza: Picha za watu usiku bila flashi inawezekana?

Inawezekana na ndo zinakuwa nzuri. Flashi ya simu inapiga uso unakuwa mweupe, nyuma kote giza, mtu kama kakamatwa. Wewe tafuta taa iliyopo tayari. Mimi napenda sana banda la chipsi. Lile kabati la vioo lina balbu yake ndani, viazi vimelundikana, vioo vimepata mvuke na mafuta, muuzaji akiinama kuchota chipsi mwanga unamjia usoni kwa chini na kwa mbele, jasho kwenye paji la uso linang'aa, nyuma yake mtaa umefifia. Huhitaji kuongeza kitu. Simama upande wa kabati, gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shusha mwanga kidogo ili balbu isitoke nyeupe tupu, na piga pale anapotulia, kwa mfano akisubiri mayai yashike. Friji la soda la dukani nalo lina mwanga mzuri, mweupe mweupe wa baridi.

Ila nunua kwanza, kula, piga stori, ndo uombe. "Kaka naomba nikupige picha ukiwa kazini" haijawahi kumshinda mtu kuisema. Akikataa, amekataa, chipsi si umekula.

Mbezi Beach: Mwezi wangu kila siku unatoka kama balbu nyeupe, sioni hata doa.

Kwa sababu kamera inaangalia giza lote la pembeni inadhani kila kitu ni giza, inaongeza mwanga, kumbe mwezi unapigwa na jua, pale juu ni mchana. Kamera weka ISO 100, f/11, shata 1/100 ya sekunde, uanzie hapo. Simu gusa mwezi af vuta mwanga chini mpaka madoa yatokee. Na kwa nini unaupiga ukiwa juu peke yake? Nenda Coco, ufukwe unaangalia mashariki, mwezi mpevu unachomoza baharini karibu na saa jua linapozama nyuma yako. Siku moja kabla ya mwezi kuwa mpevu ndo tamu zaidi, unakuwa umeshatoka wakati anga bado lina mwanga, kwaiyo bahari na watu na mwezi vyote vinaonekana kwenye picha moja. Siku hizo ni za bamvua, maji yanajaa mida ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, usiache begi mchangani ukasogea.

Ukonga: Kuandika jina kwa tochi hewani, naombeni maelekezo.

Unahitaji giza, na giza la bure kabisa ni pale mtaa ukikatika umeme. Kamera kwenye stendi, ISO 100, f/8, sekunde 20 au 30. Mwandishi avae nguo nyeusi, asimame akitazama kamera na tochi aielekeze kwenye lenzi, aandike hewani kwa herufi kubwa kubwa. Kati ya herufi na herufi azibe tochi na kiganja, asipoziba herufi zote zinaungana inakuwa mwandiko wa daktari. Jina litatoka kinyume, usijisumbue kujifunza kuandika kinyume, ligeuze kwenye simu baadae. Ukitaka rangi funga mbele ya tochi zile karatasi za pipi zinazopitisha mwanga. Ukitaka na mtu aonekane, mwambie atulie kabisa, wewe mmulike na tochi kwa sekunde moja tu kuanzia kichwani mpaka miguuni, af izime, atabaki ameganda pale hata akiondoka.

Mbagala: Ile ya kuzungusha moto cheche zinatapakaa, nataka nifanye birthday ya mdogo wangu. Stiliwaya ya masufuria inafaa?

Haifai, haishiki moto vizuri. Inayotumika ni ile sufi ya chuma laini ya mafundi wa kung'arisha mbao. Lakini hiyo kitu ni vipande vya chuma vinavyowaka kweli, vinaruka mita kadhaa, vinatoboa nguo na macho. Banda la makuti likiwa karibu, nyasi kavu, watoto wa birthday wanakimbia kimbia, hapana. Kama ni lazima basi ufukweni kwenye mchanga mtupu, mzungushaji avae miwani ya fundi, kofia na mikono mirefu, ndoo ya maji ipo. Kwa birthday mimi ningeenda na tochi za swali la juu.

Masaki: Nikishuka kwenye gari lenye AC lenzi inapata mvuke, nafuta unarudi.

Acha kufuta. Joto la Dar lina unyevu mwingi, kioo cha baridi lazima kilowe. Kamera iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa izoee joto, au zima AC kabla hujafika.

Ubungo: Nikipiga kwenye taa za LED naona mistari myeusi imekatiza picha.

Umeme wetu ni hezi 50, taa zile zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/50 au 1/100, itapotea.

Kigamboni: Nyota je? Nasikia huku kwetu zinaonekana.

Mjini taa zimeshaziua, ila wewe uko pazuri, shuka ndani Kimbiji huko. Nenda Juni mpaka Agosti, mvua hamna, usiku usio na mwezi, na mwezi wa saba kwenye saa nne usiku Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota (Milky Way), inakuwa juu kabisa, imelala kidogo kusini. ISO 3200, f/2.8, sekunde 20, fokasi weka mwenyewe kwenye nyota kali. Lenzi yako ikiwa milimita 20 usizidishe sekunde 25, gawa 500 kwa milimita za lenzi ndo kikomo, zaidi ya hapo nyota zinakuwa vijistari kwa sababu dunia inazunguka. Nenda na wenzako na mwambieni mjumbe au mlinzi wa eneo, watu watatu na tochi gizani wanaleta maswali.

Ilala: Askari alinizuia kupiga, ana haki?

Inategemea ulikuwa unapiga nini. Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari, na popote penye kibao cha kukataza, hapana. Pale Feri kwa mfano Ikulu na bandari vyote viko hapo hapo, kusimamisha stendi usiku ni kujitafutia. Akikuita nenda, muoneshe picha, ongea taratibu. Na vibaka wa pikipiki ni wabaya kuliko askari, simu usiishike mkono mmoja ukingoni mwa lami, kamba ipite shingoni.

Mikocheni: Droni usiku?

Bila kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na cha Wizara ya Ulinzi usirushe hata mchana.